Kihisi cha mtetemo dirishani: Wi-Fi, Zigbee au paneli ya laini ya simu?

Waliomwibia mama yangu walikuja na mvua. Nyumba yake iko Busia, upande wa Uganda: paa la mabati, madirisha ya chuma, stoo nyuma. Asubuhi tulikuta nondo mbili za dirisha la stoo zimekatwa kwa msumeno na magunia ya mahindi hayapo. Nikamuuliza, "Mama, hukusikia chochote?" Akanijibu, "Mwanangu, kwa mvua ile ungesikia nini?"

Tangu siku hiyo nimefunga vihisi vya mtetemo katika nyumba tatu: kwa mama Busia, kwangu Kireka, karibu na Kampala, ninakopanga, na kwa dada yangu Entebbe. Kila nyumba iliishia na aina yake. Wanaoniuliza huwa wamekwama palepale nilipokwama mimi, kati ya njia tatu ambazo dukani zinafanana kabisa: kidude cheupe kisichozidi kiberiti, muuzaji akikuhakikishia kwamba kinafanya kazi na simu.

Kwanza, kidude chenyewe. Ndani yake mna kimojawapo kati ya vitu viwili. Kuna swichi ya springi, ambayo hugusana au kuachana inapotikiswa, na hiyo hujua neno moja tu: nimetikiswa. Au kuna chipu inayopima mchapuko, yaani mabadiliko ya mwendo, katika pande tatu, na hiyo huweza pia kusema imeinamishwa au imeanguka. Kazi yake si ile ya kihisi cha sumaku cha mlangoni. Sumaku hukuambia dirisha limeshafunguliwa. Mtetemo hukuambia dirisha linashambuliwa. Mtu aliyekata nondo na kuingia bila kugusa bawaba, sumaku haimwoni kamwe.

Njia tatu ni hizi. Kihisi cha Wi-Fi huungana moja kwa moja na ruta ya nyumbani, kisha habari hupitia seva za mtengenezaji hadi kwenye programu ya simuni. Vingi vinavyouzwa Kampala hutumia mfumo wa Tuya na programu yake ya Smart Life. Kihisi cha Zigbee hakizungumzi na ruta. Kinazungumza na kituo chake, ambacho wauzaji hukiita habu, na habu ndiyo inayopeleka habari. Njia ya tatu ni paneli ya king'ora yenye laini ya simu: vihisi huipelekea ishara kwa masafa ya 433 MHz, nayo hupiga king'ora, hutuma SMS na kupiga simu.

Z-Wave, njia nyingine ya redio inayofanana na Zigbee, nimeiweka kando. Ni nzuri, ila vifaa vya Ulaya hutumia masafa ya 868 MHz na vya Marekani 908 MHz, na havisikilizani. Ndugu akikuletea kihisi kutoka Marekani na habu umeinunua Ulaya, una vitu viwili visivyofahamiana.

Vigezo ninavyopimia

Swali langu kubwa ni moja: habari itapita wapi kutoka dirishani hadi masikioni mwa mtu, na njiani ni kitu gani kinaweza kuzimika? Humo mna umeme, intaneti na betri. Baada ya hapo naangalia kuta na vyuma vya nyumba zetu, kelele za mvua na malori, urahisi wa kufunga, uimara dhidi ya mtu mwenye ujuzi, na fedha.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo vifaa hivi vinapotengana, na ndipo matangazo yake yanaponyamaza kabisa.

Kihisi cha Wi-Fi kina betri yake, kwa hiyo umeme ukiondoka chenyewe kiko hai. Ruta ndiyo iliyokufa. Kitatikiswa, kitaamka, kitatafuta ruta, hakitaiona, kitalala tena. Habari hiyo kwa kawaida imepotea. Umeme ukirudi haiji kwa kuchelewa. Dawa ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ile ya volti 12 inayokaa nyuma ya ruta, na nasema bila kusita: asiye na bajeti ya UPS asinunue kihisi cha Wi-Fi kwa ajili ya wezi. Ukumbuke pia kwamba Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha saa nane usiku ni sawasawa na umeme kukatika.

Zigbee ina jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua gizani. Uzuri wake unaosifiwa ni kwamba vifaa hupokezana ishara: kihisi cha mbali hupitisha habari kwenye balbu au plagi iliyo karibu, nayo huisogeza hadi kwenye habu. Lakini wanaopokeza ni vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme tu. Vya betri havipokezi. Kwa hiyo umeme ukikatika, habu yako inaweza kuwa hai kwenye UPS huku plagi zote za katikati zimezimika, na kihisi cha dirisha la mwisho kimebaki yatima. Vingine hutafuta njia mpya vyenyewe. Vingine, hasa vya zamani vya kampuni ya Aqara, vina sifa ya kung'ang'ania plagi vilivyoizoea. Kwa dada yangu Entebbe nilihamisha habu hadi katikati ya nyumba, nikahakikisha kila kihisi cha dirishani kinaifikia bila msaada, kisha nikazima swichi kuu na kugonga dirisha moja baada ya jingine. Jaribio hilo lifanye kabla hujaamini chochote.

Paneli ya laini ya simu inashinda hapa bila mashindano makali. Paneli nyingi zina betri ya akiba ndani, zinaendelea kwa saa kadhaa, na hazihitaji ruta wala plagi ya katikati. Mnara wa simu nao una akiba yake.

Intaneti ikikatika

Bando huisha. Nyaya za faiba hukatwa na wachimbaji wa barabara. Na Waganda hatujasahau Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Kwa siku hizo, kihisi cha Wi-Fi kinachotegemea seva za ng'ambo kilikuwa plastiki ukutani.

Zigbee iko katikati, kutegemea habu uliyochagua. Ukiwa na habu inayoendesha kanuni zake yenyewe, au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, dirisha likitikiswa king'ora cha ndani kinalia hata kama dunia yote imekatika. Ujumbe wa simuni ndio utakaosubiri. Habu nyingine za bei nafuu huruhusu kanuni za ndani baina ya vifaa vyake tu na kuacha mengine yote kwa seva. Muulize muuzaji akuonyeshe, achomoe waya wa intaneti mbele yako.

Paneli hutumia SMS na simu ya kawaida, kwa hiyo haijali intaneti. Udhaifu wake ni laini yenyewe. Lazima isajiliwe kwa kitambulisho kama laini nyingine, iwe na salio, na itumike mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Mimi nimejiwekea kazi: kila tarehe mosi naitumia paneli ya mama ujumbe wa kuuliza hali, inanijibu, laini inabaki hai. Kabla ya kununua uliza pia kama ni ya 2G pekee au inashika 4G, maana mitandao ya nchi nyingi inaendelea kuizima 2G.

Betri

Zigbee ndiyo inayokula kidogo. Vingi hutumia betri ya sarafu, CR2032, yenye uwezo wa kama mAh 220, na huenda nayo miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wi-Fi ina njaa. Kuungana na ruta huhitaji mkondo mkubwa kwa sekunde chache, ndiyo maana vihisi vyake huja na betri mbili za AAA au zaidi. Dirisha linalotikisika ovyo litamaliza betri hizo haraka mno, na hapo unyeti uliozidi unakugharimu mara mbili. Vya 433 MHz hudumu vizuri kwa kuwa hutuma ishara fupi na kunyamaza, ila vingi havina namna ya kukuambia viko hai. Kikifa kimya, paneli haijui, nawe hujui.

Kuta, nondo na mabati

Nyumba zetu ni matofali na chuma, na chuma hakipendani na antena. Wi-Fi na Zigbee zote ziko kwenye 2.4 GHz, wimbi la sentimita kama 12, ambalo hudhoofika upesi kwenye ukuta mnene. Masafa ya 433 MHz yana wimbi la karibu sentimita 70 na huvuka kuta vizuri zaidi. Kwa geti lililo mwisho wa kiwanja, au banda la jenereta, tofauti hiyo inaonekana.

Ukikibandika kihisi juu ya bamba tupu la chuma, aina yoyote ile, umekipunguzia sauti. Kipachike kwenye ukingo wa fremu ili upande wake mmoja ubaki hewani, au weka kipande chembamba na kigumu cha plastiki kati yake na chuma. Kiwe kigumu kweli. Sponji itameza mtetemo uleule unaoutafuta.

Wi-Fi na Zigbee pia hugombania hewa moja. Ukichagua Zigbee, chaneli ya 15, 20 au 25 kwa kawaida huangukia mapengoni mwa chaneli 1, 6 na 11 za ruta. Na wenye kutumia kompyuta ndogo wasichomeke kipokezi cha Zigbee moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, kwa kuwa tundu hilo hutoa kelele katika masafa hayohayo. Waya wa kurefusha wa nusu mita unatosha.

Mvua, malori na kengele za uongo

Narudi kwenye mvua, kwa sababu ndilo tatizo lenyewe. Mvua ile iliyomficha mwizi wa mama ndiyo pia itakayokitikisa kihisi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kuanzia Machi hadi Mei, kisha tena kuelekea mwisho wa mwaka, mabati yanapigwa vizuri. Ongeza lori la mchanga kwenye barabara ya marram, mlango unaobamizwa na watoto, jenereta ya jirani. Usiku wa kwanza kwangu Kireka king'ora kililia mara nne, na askari wa usiku akaja kugonga: "Mzee, kizime hicho kitu, watu wanalala." Alikuwa na haki. Na hatari kubwa si usingizi wa majirani tu. Kengele inayolia ovyo, baada ya wiki mbili hakuna anayeamka kwa ajili yake.

Kihisi cha Wi-Fi kwa kawaida hukupa ngazi chache za unyeti ndani ya programu, na kanuni sahili: kikitikiswa, nitumie ujumbe. Unaweza kuweka saa, mathalani usiku tu. Kulinganisha vihisi viwili ni kugumu kwa sababu kila kimoja huchukua sekunde kadhaa kuamka na kuungana, kwa hiyo habari zao hazifiki kwa mpangilio wa kuaminika.

Vya 433 MHz vina njia ya zamani: ama skrubu ndogo unayoizungusha kwa bisibisi, ama swichi ya hatua mbili tatu. Unageuza, unagonga, unageuza tena. Kazi ya nusu saa kwa kila dirisha, lakini ukishapata mahali pake panabaki hapohapo. Kwa mama nilisubiri mvua ya kweli ndipo nikamaliza kurekebisha. Kihisi kilichorekebishwa siku ya jua hakijarekebishwa.

Zigbee ndiyo iliyonipa jibu lililonifurahisha. Kwa kuwa vihisi vyote huripoti kwa habu moja, na kwa haraka, unaweza kuandika kanuni yenye akili: madirisha matatu yakitikisika ndani ya sekunde chache, hiyo ni mvua, lori au radi, nyamaza. Likitikisika moja peke yake, mara mbili au zaidi ndani ya nusu dakika, hiyo ni kazi ya mkono wa mtu. Msumeno haukati nondo kwa pigo moja. Kanuni hii si kamilifu, kwani mwizi mwenye bahati anaweza kuanza kukata lori likipita, lakini kwa dada yangu imepunguza kelele kiasi kwamba simu ikilia sasa, anaamka. Tetemeko kama lile la Kagera la Septemba 2016 lingetikisa madirisha yote kwa pamoja, na kanuni ingelinyamazia. Usitegemee kifaa hiki kwa matetemeko.

Kufunga

Wi-Fi ni rahisi kuliko zote: programu, nywila ya ruta, bonyeza kitufe hadi taa imetemete. Kikwazo cha kawaida ni kwamba kihisi hujua 2.4 GHz tu. Ruta ikiwa na mitandao miwili, unganisha simu yako na ule wa 2.4 kwanza. Paneli hufuata: unaiweka kwenye hali ya kujifunza, unakitikisa kihisi, inakikariri, kisha unaingiza namba za simu zitakazopigiwa. Zigbee huomba subira zaidi. Habu kwanza, kisha kila kihisi kiungwe kikiwa mahali pake pa kudumu, si mezani, ili kichague njia yake tangu mwanzo.

Kwa zote tatu, pangusa chuma kwa spiriti kabla ya kubandika. Geti linalopigwa na jua la mchana huyeyusha gundi ya kawaida. Hapo tumia skrubu au gundi ya epoksi. Kiweke karibu na kitasa au na nondo iliyo rahisi kufikiwa, kwa sababu hapo ndipo mkono utakapoanzia.

Mtu mwenye ujuzi

Vihisi vingi vya 433 MHz vya bei ya chini hutuma namba ileile kila mara, bila kuificha. Aliye na kifaa cha kunasia anaweza kuirudia, au kuijaza hewa kelele paneli isisikie. Zigbee na Wi-Fi husimba mawasiliano, ingawa kelele ya makusudi inaweza kuziba hewa yao pia. Kwa wezi wa mahindi wa Busia sijajali sana. Kwa duka lenye bidhaa ghali, ningejali.

Fedha

Bei hubadilika na dola, kwa hiyo nasema uwiano tu. Kihisi kimoja cha Wi-Fi ndiyo mwanzo wa bei nafuu, mpaka uongeze UPS. Zigbee inaanza ghali kwa sababu ya habu, kisha kila kihisi cha ziada huwa nafuu. Kuanzia madirisha manne hivi hesabu inageuka. Paneli huuzwa kama seti, na ina gharama ndogo ya kila mwezi ya salio.

Kulingana na hali yako

Unapanga chumba kimoja au viwili, vile vinavyoitwa mizigo Kampala, na unataka kulinda dirisha moja na mlango: Wi-Fi pamoja na UPS ya ruta. Ukihama unabandua na kuondoka. Ikiwa intaneti yako ni ya hotspoti ya simu, ambayo unatoka nayo asubuhi, iache njia hii. Chumba kitabaki bila mlinzi saa zote ulizo kazini.

Nyumba ni yako, ina madirisha mengi, una inverta au sola, na kuna mtu nyumbani anayependa kushughulika na mambo haya: Zigbee, na habu inayoendesha kanuni ndani. Asiyependa kushughulika atachoka nayo, na haitakuwa kosa la kifaa.

Nyumba ya wazazi kijijini au mpakani, umeme wa kubahatisha, hakuna ruta: paneli ya laini ya simu. Ingiza namba tatu, na ya kwanza isiwe yako uliye Kampala. Iwe ya jirani anayeweza kufika kwa dakika tano. Kwa mama, namba ya kwanza ni ya mwenye duka wa ng'ambo ya barabara.

Duka au ghala: paneli kwa ajili ya king'ora, lakini tafuta yenye vihisi vinavyobadilisha namba zao kila mara, au uichanganye na Zigbee ikiwa umeme wa akiba upo.

Unachotaka kujua ni kama pampu ya maji au jenereta inafanya kazi, si wezi: hapo kukosa habari moja si msiba. Pampu iliyo karibu na ruta, Wi-Fi inatosha, ila tegemea kubadilisha betri mara nyingi. Penye habu tayari, Zigbee.

Na kama umeshanunua kimojawapo na kimekuchosha kwa kulia ovyo, usikitupe bado. Shusha unyeti ngazi moja, kisogeze karibu na kitasa, kisha subiri mvua inayofuata ukiwa macho.